Siku Niliyolala Chini ya Ziwa

Hadithi ilikuwa yangu. Naanza na hilo kwa sababu hata leo, nikiwa bibi mwenye wajukuu, watu wa kwetu wakiikumbuka ile ngoma ya hadithi tuliyocheza shuleni humtaja mwenzangu peke yake, utadhani aliifungua kwenye pindo la nguo yake. Hakuifungua popote. Hadithi ilitoka kwa bibi yetu mzaa baba, ikapita kwangu, na mimi ndiye niliyeipeleka shule. Yeye aliicheza tu.

Huyo mwenzangu alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo. Mama yake alifariki yeye mtoto akiwa na miaka saba, baba yake akaenda kukata mkonge upande wa pwani, akamwacha kwetu. Aliletwa siku ya mvua na kifuko cha amerikani chenye gauni moja. Mama yangu alimpokea, akamwosha matope miguuni, akampa uji kwenye bakuli langu. Nasema langu, lile la bati lenye ua la bluu, ambalo hata baba hakulitumia. Nadhani wivu wangu ulianzia pale kwenye uji, na sina hakika kama umewahi kwisha.

Kwa desturi ya kwetu huyo alikuwa mdogo wangu kabisa, kwa miezi mitano, na mama yangu alikuwa mama yake. Alimwita mama tangu siku ya pili. Mimi aliniita dada, kwa adabu, na kila alipoliita neno hilo nilihisi kama ananiomba kitu ambacho nikikitoa hakitarudi. Baya zaidi, hakuwa na kasoro ya kumshikia. Alichota maji bila kutumwa. Alisaga mtama huku akiimba, na sauti yake ilikuwa nzuri, nakiri, ingawa inaniuma kukiri. Ukilala chumba kimoja na mtoto mkorofi unaweza kulalamika kwa mama yako. Ukilala na mtoto mwema utalalamika kwa nani?

Tulikaa upande wa Unyambwa, katika tembe la vyumba vinne, mahali ambapo ukipanda jabali unaliona ziwa la chumvi kule chini, likimetameta kiangazi chote bila kumfaa mtu kwa kunywa. Bibi alikuwa na chumba chake na moto wake, na sisi wawili tulilala kwake. Ng'ombe wakishaingia zizini na ugali ukishaliwa, alitusimulia.

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ilihusu ziwa letu. Zamani, alisema, maji yake yalikuwa matamu. Mwanamke mmoja alikwenda kuchota, ziwa likamchukua. Mtoto wake akaenda na kibuyu akaanza kulichota lile ziwa ili alikaushe amwone mama yake. Alichota akimwaga, akilia, na machozi yakawa yanaingia mengi kuliko maji yanayotoka, ndiyo maana yana chumvi. Heroe, wale ndege wa miguu mirefu, wakamwonea huruma, wakaingia majini kumsaidia kunywa. Wakakaa juani hadi wakaungua wakawa wekundu. Na bado wako pale, vichwa chini, wanatafuta. Hapo ndipo bibi alipoishia. Ukimwuliza kama mama alipatikana, alikuambia nenda ukawaulize ndege.

Bibi alikuwa na mwiko mmoja, na haukuwa wake peke yake. Kila nyumba ya jirani iliujua. Hadithi ni ya jioni. Ukiitoa mchana, mama yako atapotea njia aendako. Lakini bibi aliolewa kutoka Iramba, na alikuja na dawa ya mwiko huo kutoka kwao, ambayo majirani hawakuijua. Kama ni lazima uitoe hadithi mchana, chomeka unyasi mmoja kwenye nywele. Unyasi huo utamwonyesha mama yako njia ya kurudi. Ni hivyo tu. Mara nyingi nilimwona bibi akichambua kunde mchana, akitutolea hadithi fupi ili tusisinzie, na unyasi umesimama kwenye nywele zake nyeupe.

Basi, miaka ile ya Mwingereza, vita vikiwa vimekwisha si zamani, nilikuwa darasa la tatu, pamoja na mdogo wangu, kwenye shule ya misheni. Mwalimu wetu alikuwa binti wa Kigogo kutoka Kintinku, mrefu, mkali wa usafi, fundi wa kushona. Siku moja alituambia kwamba Bwana Shauri, yule mkuu wa Kizungu wa boma la Singida, angekuja kututembelea pamoja na mkewe, ambaye ndiyo kwanza amefika kutoka Ulaya. Yule mama alikuwa ameomba jambo. Kwao, watoto huvikwa mabawa wakacheza hadithi kwa ngoma badala ya kuisimulia, na wazazi hualikwa kutazama. Alitaka kuona watoto wa Singida wakicheza hadithi ya kwao.

"Nani ana hadithi nzuri?" mwalimu akauliza.

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Ilikuwa asubuhi, jua limepanda, kwa hiyo nilitoka nje kwanza kama mtu anayekwenda kujisaidia, nikang'oa unyasi, nikauchomeka nyuma ya sikio ndani ya nywele, nikarudi nikasimulia. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akasema hiyo hiyo, hatutafuti nyingine. Nilirudi kwenye dawati langu nikijiona tayari niko mbele ya wageni na kibuyu kichwani. Kwa maana hadithi ilikuwa na mtoto mmoja tu, na ndege. Mtoto huyo angekuwa nani kama si mimi?

Mwalimu hakuona hivyo. Alisema atawajaribu wasichana wote wa darasa na atachagua Ijumaa. Jaribio lenyewe lilikuwa hivi: unabeba kibuyu chenye maji kichwani, hukishiki, unacheza kulizunguka jabali bapa lililo nyuma ya shule huku ukiimba wimbo ambao mwalimu alikuwa ameutunga:

*Ziwa, ziwa, nirudishie mama,
nitakunywa, nitakumaliza, nimwone mama.*

Mimi nilimwaga kidogo. Sawa, nilimwaga mengi, hadi gauni likanata mgongoni. Mdogo wangu alipopewa kibuyu alikitua kichwani bila hata kuweka kata ya nguo chini yake, akaanza kucheza kwa mabega na miguu, shingo imetulia, na alipofika kwenye "nirudishie mama" sauti yake ilishuka chini kidogo, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Hakumwaga tone. Mwalimu alikuwa ameshika chaki. Niliona anaisahau mkononi. Wasichana wakapiga makofi, na mimi nikapiga, kwa sababu ningeonekanaje nisipopiga. Viganja vilinichoma.

Usiku ule hakuna kilichotokea ila nililala nimempa mgongo. Asubuhi nilikuwa na mpango.

Kisimani, wakati tunasubiri maji yajichuje, niliwauliza wenzangu kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo ghafla: hivi Bwana Shauri anakuja saa ngapi? Saa tisa alasiri, wakasema, kwa kuwa jioni anarudi boma. Kisha nikasema, basi huyo atakayeibeba hadithi mchana mweupe, mama yake atakuwaje? Sikuhitaji kuongeza neno. Mwiko waliujua wote. Mmoja aliweka ndoo chini. Mwingine alisema mama yake ana mimba, hataki hata kusikia. Kuhusu unyasi sikusema kitu. Dawa nilibaki nayo mwenyewe. Niliona wazi jinsi itakavyokuwa: Ijumaa mwalimu atauliza, wote watainamisha vichwa, mdogo wangu naye ataogopa kwa ajili ya mama, na mimi peke yangu nitasimama, shujaa, nikijua kwamba unyasi wangu uko mfukoni.

Habari ilikwenda haraka kuliko nilivyotaka. Kufikia Alhamisi akina mama watatu walikuwa wamefika shuleni, wamemwamkia mwalimu kwa adabu zote, na wamekataa kwa adabu zote. Mwalimu aliwaambia huo ni ushirikina. Wakasema ndiyo, mwalimu, ni ushirikina, lakini atakayebeba kibuyu asiwe wa kwetu. Kuhusu ndege hawakuwa na neno, kwa kuwa kila mmoja alitaka kumwona mwanawe na mabawa. Walikubaliana kwamba ndege hawaongei, kwa hiyo mwiko hauwahusu.

Ijumaa ikafika. Mwalimu alisimama mbele akatutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo hakuna? Niwaambie wageni kwamba Singida hakuna mtoto?"

Kimya. Nilikuwa nimeshika unyasi wangu ndani ya mfuko wa gauni. Ningesimama pale pale, lakini nilitaka kile kimya kikolee kidogo, ili nitakaposimama nionekane vizuri. Huo ndio upumbavu wangu, na nimeukumbuka maisha yangu yote. Nilihesabu moyoni moja, mbili, na kabla ya tatu nikasikia dawati la nyuma yangu linalia.

"Mimi nitaibeba, mwalimu," mdogo wangu alisema. "Mimi sina mama wa kupotea."

Mwalimu aligeuka akatazama ubao muda mrefu, ingawa ubaoni hapakuwa na kitu. Wasichana wawili wakaanza kulia. Na mimi niliyekuwa nimenyoosha mguu nusu ili nisimame niliurudisha taratibu chini ya dawati, kwa sababu hakuna mtu duniani ambaye angempokonya kitu yule mtoto baada ya maneno yale. Hata ningekuwa na unyasi mia.

Nilichokihisi nakisema kama kilivyokuwa. Sikumwonea huruma. Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu yatima kwa uyatima wake, kwamba hata huo ulikuwa umegeuka kuwa mali yake na umemfaa, wakati mimi mwenye mama mzima nyumbani nilikuwa nimekaa na jani limesagika mfukoni. Na hadi leo sijui kama alisema vile kwa huzuni au kwa akili. Alikuwa analala kwenye chumba kile kile. Bibi alikuwa bibi yake. Dawa aliijua kama mimi. Angeweza kusimama akawaambia wote kwamba unyasi mmoja tu unatosha, kila mtu arudie jaribio lake, na wangeniuliza mimi kwa nini sikusema. Hakusema.

Mwalimu hakupenda mwisho wa bibi. Alisema wageni hawawezi kurudi boma wakiwa na mama ambaye hajapatikana. Kwa hiyo aliongeza: ziwa linakauka, mama anatoka, wanakumbatiana. Akanitazama. "Wewe ni mrefu. Tena ninyi ni ndugu, mtakumbatiana vizuri." Hivyo nikapewa kuwa mama. Akina mama hawakuona tatizo, maana kwao mama wa kwenye hadithi alikuwa amekwisha kupotea.

Ziwa lilikuwa kaniki tatu nyeusi zilizoshonwa pamoja. Kazi yangu ilikuwa kulala chini yake tangu mwanzo hadi mwisho, nisijitikise, na kaniki ikifunuliwa niseme maneno matatu: "Mwanangu, umekuja kweli." Wengine walikuwa heroe. Mwalimu aliwakatia mabawa ya amerikani, na kwa kuwa hapakuwa na rangi nyekundu alimimina wino wake wa kusahihishia ndani ya karai la maji akayachovya. Wote walikuwa na kitu cha kuonekana nacho. Mimi nilikuwa na kitu cha kufunikwa nacho.

Nyumbani ilikuwa vibaya zaidi. Mama alipoambiwa nani atabeba kibuyu, alikwenda kwenye sanduku lake akatoa ushanga wake mwekundu na mweupe, aliovaa siku ya harusi. Ule ushanga nilikuwa nimeahidiwa. Hakuna aliyeandika, lakini niliahidiwa, nilipokuwa mdogo, nikiwa mgonjwa wa surua, alinivalisha kichwani akasema ukipona utakuwa wako. Nilipona. Sasa aliuzungusha kwenye kichwa cha mwenzangu akaufunga nyuma.

"Mama, huo si wangu?" nikauliza.

"Wewe utakuwa chini ya kaniki, mwanangu. Nani atauona?"

Alisema kweli, na alisema kwa upole, na ndiyo sababu sikumsamehe wiki nzima.

Siku yenyewe upepo wa Singida ulivuma kama kawaida yake, vumbi likapanda, mabawa yakapepea kabla hata hatujaanza. Wazazi walikaa chini upande mmoja, wageni kwenye viti upande wa pili. Bwana Shauri alivaa kofia yake ngumu. Mkewe alikuwa mwembamba, mwekundu wa jua, na alitabasamu kwa kila mtu, hata kwa mbuzi aliyepita. Nililala kwenye jabali nikafunikwa. Jabali lilikuwa limenyonya jua tangu asubuhi. Chini ya kaniki palikuwa joto na harufu ya rangi ya nguo mpya, na giza, na mimi.

Nimeulizwa mara nyingi ngoma ile ilikuwaje. Mimi ndiye mtu pekee aliyekuwepo ambaye hakuiona. Nilikuwa na sikio langu juu ya jiwe, nikasikia miguu. Miguu ya ndege ilikuwa mingi na ilichanganyikana. Miguu yake niliitambua. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeisikia ikinitangulia asubuhi kwenda kisimani. Ilikuwa inagonga polepole, hailegei. Nilisikia maji ya kibuyu yakicheza kidogo bila kumwagika, au nilidhani nimesikia. Kisha akaimba. Alipofika kwenye "nirudishie mama" watu wakanyamaza hata watoto wachanga, na mahali fulani upande wa wazazi mwanamke akapenga kamasi. Mara ya pili alipoimba, walipenga wengi.

Nilikuwa nimelala pale nikiwaza kwamba anamlilia mama, na mama yake wa mchezo ni mimi, na sina hamu ya kupatikana. Ningeweza kukaa chini ya ziwa lile hadi Bwana Shauri arudi kwao. Makofi yakaanza. Kila kofi nililisikia kama limechukuliwa kwenye akiba yangu.

Kisha kaniki ikafunuliwa.

Jua lilinipiga machoni, na jambo la kwanza nililoliona, kabla ya uso wake, ni ule ushanga. La pili ni unyasi. Ulikuwa umechomekwa mbele, ndani ya ushanga, mbichi, umesimama wima, unatikiswa na upepo. Alikuwa ameuweka mahali ambapo kila mtu angeuona, ingawa hakuna aliyejua ni wa nini isipokuwa mimi, bibi na mama.

Nikasahau maneno yangu. Maneno matatu tu, na nikayasahau. Nilikuwa nauliza moyoni, wa nani huo? Ulisema huna wa kupotea. Ulisimama darasani ukasema. Na wakati huo huo jibu nilikuwa nalo, kwa sababu mama alikuwa amekaa pale mbele, na kulikuwa na mama mmoja tu kati yetu.

"Sema, dada," alininong'oneza.

"Mwanangu," nikasema, na sauti ikanikatika. "Umekuja kweli."

Watu walidhani ni uhodari wa kuigiza. Nilisikia mtu akisema yule mama naye kafanya kazi nzuri. Mdogo wangu akanikumbatia kama mwalimu alivyotufundisha, mikono yote miwili, na unyasi ule ukanichoma shavuni.

Hapo ndipo mama yangu aliposhindwa kukaa. Alinyanyuka, akapiga vigelegele, akapanda jabali na miguu yake yenye vumbi, akalikanyaga ziwa, akanipita. Nasema akanipita, nikiwa nimekaa pale chini, akamshika mdogo wangu uso kwa viganja vyote viwili. Akavua kanga yake ya juu akamtuza mabegani. Akautazama ule unyasi. Ndege nao wakaingiwa na furaha wakaruka ruka, na kwa jasho ule wino ukawachuruzika migongoni hadi miguuni, wote wakawa wekundu kweli. Mke wa Bwana Shauri alipiga makofi amesimama. Baadaye mwalimu alituambia kwamba yule mama wa Kizungu alidhani yote ni mchezo, na alisema mama wa pili, yule aliyetoka upande wa wazazi, alicheza vizuri kuliko wa kwanza.

Tulirudi nyumbani sisi watatu, mama katikati, jua bado liko juu kidogo ya ziwa. Kule chini heroe wenyewe walikuwa wamejipanga majini kama siku zote. Mama alikuwa anasifia, anarudia, anaimba kipande cha wimbo na kukikosea. Mdogo wangu alikuwa na kanga mabegani, ushanga kichwani, na unyasi ambao sasa ulikuwa umelegea.

Mama akasimama. Akaugusa.

"Huu umeuweka kwa ajili ya nani?" akauliza, ingawa alijua.

"Wako, mama," mdogo wangu akasema. "Ulikuwa unakwenda mbali leo, hadi shuleni, na hadithi ilikuwa mchana."

Mama akamvuta kwapani mwake, wakatembea hivyo hatua chache, wamegandana. Kisha akageuza shingo akanitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anatabasamu bado, kwa tabasamu lile lile alilokuwa amempa mwenzangu, tayari kunipa na mimi langu.

"Na wewe? Wako uko wapi?"

Nilipeleka mkono kichwani. Nilitafuta kwenye nywele kana kwamba kuna kitu. Nilikuwa nimesema maneno ya hadithi mchana mweupe mbele ya wilaya nzima. Dawa niliijua, niliilinda wiki nzima asiijue mwingine, niliibeba mfukoni hadi ikasagika. Na asubuhi ya siku yenyewe, kwa hasira ya ushanga na kaniki, sikumkumbuka mama yangu hata kidogo.

"Umeanguka," nikasema.

Mama akanitazama kidogo zaidi. Nilijua anasita kuamini, na nilijua kwamba akiacha kuamini pale kuna kitu kati yetu kitaondoka na sitajua kukirudisha.

"Umeanguka kweli, mama," mdogo wangu akasema bila kunitazama. "Ulikuwa mrefu kuliko wangu. Nilipofunua kaniki niliuona, upepo ukauchukua."

Akainama kando ya njia, akang'oa unyasi, akaja akanichomekea kwenye nywele kwa vidole vyake vyembamba, taratibu, kama mtu anayefunga mzigo wa mwenzake. Mama akacheka, akanyoosha mkono wake mwingine, nami nikaingia chini yake. Tukaenda hivyo hadi nyumbani. Nilikuwa na mama upande mmoja na unyasi kichwani, na nilikuwa naona wivu kuliko siku yoyote, kwa sababu hata katika uongo wetu, wake ndio ulioaminika.